Bustani ya Mboga Huanza Kabla ya Mvua



Mwezi wa Oktoba hapa kwetu Dodoma ni mwezi mgumu. Jua ni kali. Upepo unarusha vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mbuzi wanazunguka kutwa nzima wakitafuta majani, hawayaoni. Ukimwambia mwenzako, "Njoo tutengeneze bustani ya mboga," atakucheka. Atakuuliza, "Bustani gani na maji hakuna?"

Lakini huu ndio wakati wenyewe. Katika nchi za Ulaya, watu wenye bustani husubiri baridi ipungue mwezi wa Machi au Aprili. Udongo ukipata joto, wanaanza kupanda. Sisi hatusubiri joto, joto tunalo la kutosha. Sisi tunasubiri maji. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Kwa mwaka mzima tunapata milimita 550 hadi 600 hivi. Si mvua nyingi. Tena hainyeshi kwa mpango. Inaweza kunyesha siku mbili, halafu ikakata wiki tatu.

Kwa hiyo, mtu wa Dodoma anayeanza kutengeneza bustani siku mvua inaponyesha, amekwisha chelewa. Maji ya kwanza yatapita mbele ya mlango wake na kwenda zake korongoni. Bustani yetu hutengenezwa kabla ya mvua. Mvua ikija, ikute kazi imekwisha.

NILIVYOPOTEZA MBEGU ZANGU

Nitawaambia habari yangu mwenyewe, hata kama ni ya aibu kidogo.

Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Novemba. Ilinyesha usiku, kubwa kweli. Asubuhi nikatoka na jembe. Nikakwatua nyuma ya nyumba haraka haraka, nikapanda mbegu zangu zote: mchicha, kunde, bamia na maboga. Sikubakiza hata moja. Jirani yangu, bibi mmoja mzee, alikuwa amesimama mlangoni kwake akiniangalia.

Nikamwuliza, "Bibi, mbona wewe hupandi? Mvua si hii imenyesha?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, hiyo imepiga hodi tu. Mgeni bado hajaingia ndani."

Nilicheka. Baada ya siku tano mbegu zangu zikaota vizuri. Baada ya siku kumi jua likawaka. Mvua haikurudi kwa wiki tatu. Miche yote ikakauka, ikawa kama majivu. Mbegu nyingine sina, na fedha ya kununua sina.

Mwezi wa Januari ghala lilikuwa linakaribia kwisha. Ugali wa uwele tulikuwa nao kidogo, lakini mboga hatukuwa nayo. Watoto wangu wakawa wanakula ugali kwa maji ya chumvi. Yule bibi yeye alikuwa anachuma mchicha na majani ya kunde. Nikawa ninamtuma mtoto kwake kuomba mboga. Bibi hakuninyima hata siku moja. Lakini kila mtoto aliporudi na mboga ya watu, mimi niliumia moyoni.

Siku moja nikaenda mwenyewe kumwuliza alivyofanya. Mengi ya haya ninayoandika yalianzia hapo. Mengine nimeyapata kwa mabwana shamba na kwa kusoma.

Ndugu msomaji, unajua mwenyewe kwamba miezi ya Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi ya dhiki. Chakula cha mwaka jana kinakwisha, cha mwaka huu bado. Lakini mchicha unaweza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Majani ya kunde vilevile. Ni mazao machache yanayotuwahi hivyo.

KAZI YA SEPTEMBA: CHAGUA MAHALI, KUSANYA SAMADI

Chagua mahali karibu na nyumba. Bustani iliyo mbali haipati maji ya jikoni, na mbuzi wataifikia kabla yako. Tena isiwe kubwa. Mwaka wa kwanza, tuta moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 linatosha, pamoja na mashimo machache pembeni. Bustani ndogo inayotunzwa vizuri ni bora kuliko kubwa iliyokauka.

Angalia maji ya mvua hupita wapi katika uwanja wako. Utaona alama zake hata wakati wa kiangazi. Weka bustani chini kidogo ya njia hiyo, ili maji yaweze kuelekezwa humo.

Halafu kusanya samadi. Wengi wetu Dodoma tunafuga, au jirani anafuga. Samadi imejaa zizini na wengine wanaiona kama uchafu. Hiyo ni mali. Samadi husaidia udongo wetu wa kichanga kushika maji. Lakini usitumie samadi mbichi, maana huunguza mimea na huleta magugu. Irundike mahali penye kivuli. Imwagie maji ya kuoshea vyombo mara kwa mara na uigeuze. Baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi, itapukutika mkononi, na harufu kali itakuwa imekwisha. Hapo iko tayari. Ile ya zamani iliyoko chini kabisa zizini mara nyingi imekwisha oza yenyewe.

Utahitaji kiasi gani? Hebu tumia hesabu uliyojifunza kisomoni. Weka debe 1 la samadi kwa kila mita 1 ya mraba. Tuta la mita 1 kwa mita 3 lina mita za mraba 3. Kwa hiyo unahitaji madebe 3.

KAZI YA OKTOBA: CHIMBA TUTA LA KUZAMA

Wengi tumezoea tuta la kuinuka. Mahali penye mvua nyingi, tuta hilo ni zuri kwa sababu maji yakizidi hutoka. Lakini hapa kwetu maji hayazidi, yanapungua. Tuta la kuinuka hukauka upesi. Kwa hiyo chimba tuta la kuzama, yaani tuta lililo chini kuliko ardhi ya pembeni.

Fanya hivi:

1. Pima mita 1 kwa mita 3. Upana usizidi mita 1, ili ufikie katikati bila kukanyaga ndani.

2. Ondoa udongo wa juu, kina cha shibiri moja. Uweke upande mmoja.

3. Lainisha udongo wa chini kwa jembe. Usiutoe.

4. Changanya ule udongo wa juu na samadi madebe 3, halafu urudishe. Usirudishe wote. Acha tuta liwe chini ya ardhi ya pembeni kwa kiasi cha upana wa kiganja.

5. Udongo uliobaki uweke kuzunguka tuta kama ukingo. Upande maji yanakotoka, acha mlango mdogo.

Utasema, "Oktoba udongo ni kama jiwe, nitachimbaje?" Ni kweli. Jioni mwaga maji machafu ya jikoni mahali unapotaka kuchimba kesho. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, chimba kipande hicho tu. Usishindane na udongo. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

MASHIMO YA CHOLOLO

Kwa mimea mikubwa kama maboga, bamia na nyanya chungu, kuna njia nyingine. Njia hii haikutoka mbali. Ilitoka hapa hapa Dodoma, katika kijiji cha Chololo. Ndiyo maana wataalamu wanaiita mashimo ya Chololo. Mwanzoni ilitumika kwa nafaka kama mahindi, mtama na uwele, lakini inafaa bustanini pia.

Chimba shimo lenye upana wa shibiri moja na kina cha shibiri moja au zaidi kidogo, yaani sentimeta 20 hadi 30. Udongo unaotoka uweke upande wa chini wa mteremko, uwe kama ukingo wa kuzuia maji. Ndani ya shimo weka majivu kidogo kwa ajili ya kupunguza mchwa. Weka na samadi iliyooza, konzi mbili au tatu, pamoja na majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa. Rudisha udongo kiasi, lakini shimo lisijae. Likijaa halitakamata maji. Kutoka shimo hadi shimo acha sentimeta 60, na kutoka mstari hadi mstari sentimeta 90. Maboga yapewe nafasi kubwa zaidi, maana hutambaa.

Kazi ni nzito? Basi igawanye. Ukichimba mashimo 5 kila asubuhi, katika siku 20 utakuwa na mashimo 100. Na mwakani mashimo hayo yatakuwepo, utayasafisha tu.

Kumbuka kwamba maji yanayopita uwanjani bila kuzuiwa hayapotei tu, yanaondoka na udongo. Wazee wa Kondoa wanajua. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula ardhi. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, ili majani na miti virudi. Korongo kubwa huanza na kijifereji kidogo. Shimo lako na tuta lako la kuzama huzuia kijifereji hicho.

UZIO: MBUZI HAJUI KUSOMA

Unaweza kufanya yote niliyosema, halafu mbuzi mmoja akamaliza kazi yako kwa dakika kumi. Kuku nao hufukua mbegu. Kwa hiyo zungushia uzio mwezi huu huu wa Oktoba.

Wengi hutumia matawi ya miiba. Ni sawa, lakini hukauka na kuliwa na mchwa, na kila mwaka unakata mengine. Tutamaliza miti. Bora kupanda uzio ulio hai, kama minyaa. Minyaa huota kwa kuchomeka vipande vyake tu, na mbuzi hawaipendi. Lakini jihadhari: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huumiza sana na unaweza kuharibu macho. Watoto wasiuchezee. Ukimaliza kuchomeka, nawa mikono kwa sabuni. Mpaka minyaa ikue, ziba mapengo kwa miiba.

KAZI YA NOVEMBA: JARIBU MBEGU, OTESHA MICHE

Usisubiri mvua ndipo ujue kwamba mbegu zako zimekufa. Zijaribu sasa. Chukua mbegu 10. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu na ukiweke ndani ya nyumba. Kila siku kilowanishe kidogo. Baada ya siku tano hadi kumi, fungua uhesabu. Zikiota 7 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 4 au 5, panda nyingi zaidi katika kila shimo. Zikiota 2 tu, tafuta mbegu nyingine.

Ukinunua dukani, nunua pakiti iliyofungwa. Sasa umejua kusoma, basi soma pakiti. Angalia jina la mbegu na tarehe ya mwisho ya kutumia. Angalia na lebo ya TOSCI, taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kama pakiti imeandikwa chotara, usitunze mbegu za mazao yake, maana hazitafanana na mama yao. Za kienyeji unaweza kutunza kila mwaka.

Mchicha, kunde, bamia na maboga hupandwa moja kwa moja bustanini. Lakini nyanya na nyanya chungu huoteshwa kwanza kitaluni kwa wiki nne hadi sita. Ukiotesha mapema Novemba, miche itakuwa tayari mwezi wa Desemba mvua ikiwa imeshika.

Kitalu kisiwe kikubwa. Hatua moja kwa hatua moja inatosha. Panda mbegu katika mistari, usizifukie sana. Kina kama cha kucha ya kidole kinatosha. Funika kwa nyasi na umwagilie asubuhi na jioni. Mbegu zikichipua, ondoa nyasi hizo na ujenge kichanja kidogo cha kivuli juu yake. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na punguza kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee jua. Hamisha jioni, si mchana.

WEKA AKIBA YA MAJI: HESABU YA PAA

Hapa ndugu zangu naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo mimi niliposhindwa.

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, hutoa lita 1 ya maji. Likumbuke hilo.

Sasa chukua nyumba yenye paa la bati. Paa lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Mita 6 mara mita 5 ni mita za mraba 30. Mvua moja ya milimita 10, ambayo si mvua kubwa, itatoa lita 300. Mengine yatamwagika na kuruka. Tuseme utapata lita 240. Hizo ni madumu 12 ya lita 20.

Je, madumu 12 yatafanya nini? Tuta lako la mita za mraba 3, likiwa la kuzama na limefunikwa nyasi, ulipe dumu 1 kila baada ya siku moja. Mvua ikikata kwa wiki tatu, yaani siku 21, utamwagilia mara 11. Hayo ni madumu 11. Unabakiwa na 1.

Umeona? Mvua moja ya paa moja inaweza kuvusha tuta moja katika wiki tatu za ukame. Mvua ile ile niliyoikimbilia mimi na jembe, maji yake yote yaliyotoka juu ya paa langu yalikwenda korongoni.

Kwa hiyo mwezi wa Novemba funga mfereji wa bati pembeni mwa paa, hata upande mmoja tu. Tafuta pipa. Pipa la lita 200 huingia madumu 10, na madumu mawili yaliyobaki yatakaa pembeni. Usitumie pipa lililokuwa na sumu au dawa ya mifugo, hata kama limeoshwa. Lifunike vizuri, mbu wasizae na mtoto asitumbukie.

Wenye nyumba za tembe au za nyasi wasikate tamaa. Chimba mfereji mdogo uwanjani wa kuleta maji kwenye mlango wa tuta. Maji ya kunawa na ya kuoshea mboga nayo yasimwagwe ovyo. Yapeleke bustanini. Yale ya sabuni nyingi yamwage kwenye shina la mpapai au mti mwingine, usiyamwage juu ya mboga.

KUPANDA: MVUA IMEPIGA HODI AU IMEINGIA?

Mvua ya kwanza ikinyesha, usikimbie kama mimi. Kwanza jaza pipa. Halafu nenda bustanini, chimba kidogo uone. Kama udongo umelowa mpaka kina cha shibiri moja, unaweza kupanda. Kama umelowa juu tu na chini ni vumbi, subiri.

Sikiliza na redio. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, kwa mikoa kama yetu. Utabiri si ahadi, lakini unasaidia kupanga. Wazee nao wana dalili zao, kama mibuyu kutoa majani. Dalili hizo zinakuambia ujiandae. Shibiri moja ya udongo mbichi ndiyo inayokuambia panda.

Hata udongo ukiwa umelowa, gawa mbegu zako mara mbili. Nusu panda sasa. Nusu funga vizuri uweke ndani. Panda nusu hiyo baada ya wiki mbili au tatu. Mvua ikikata, una mbegu nyingine. Mvua ikiendelea, utakuwa na mboga inayofuatana, si kuiva yote siku moja.

Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwenye mstari, zisirundikane. Bamia ziloweke usiku mmoja, zitaota upesi. Kunde panda mbili mbili kwa kila shimo. Usiing'oe migagani na mlenda vinavyoota vyenyewe pembeni. Hivyo si magugu, hivyo ni mboga ya babu na bibi zetu, na vinavumilia jua kuliko kabichi.

Baada ya miche kuinuka, funika udongo kwa nyasi kavu au mabua. Nyasi hizo huzuia jua lisinyonye maji. Mchwa wakija, weka nyasi chache chache na uongeze zinapopungua.

WADUDU NA SUMU

Wadudu wakiwa wachache, waokote kwa mkono asubuhi. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani, wapulizie maji yenye sabuni kidogo. Nyanya zifungwe kwenye mti, zisilale chini. Zimwagilie kwenye shina, usilowanishe majani, maana majani mabichi muda wote huleta ukungu. Mwakani usipande nyanya mahali pale pale. Panda kunde hapo.

Jambo moja ni la hatari. Wako watu wanaopulizia mboga dawa ya pamba, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Usifanye hivyo kabisa. Sumu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mboga, na mboga huliwa na watoto wako. Kama ni lazima kutumia dawa, mwulize kwanza bwana shamba au bibi shamba. Soma karatasi yake, na hesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

MBOGA NI KWA AJILI YA NANI?

Wengine wakishapata mboga nzuri huiuza yote. Kuuza si vibaya. Fedha ya chumvi na ya daftari inatakiwa. Lakini kwanza watoto na mama mjamzito wale. Mboga za majani huleta damu na husaidia macho. Usizichemshe mpaka zikawa nyeusi, na magadi usizidishe. Weka karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, maana yanasaidia mwili kupata faida ya mboga.

Mwezi wa Machi na Aprili mboga zikizidi, zikaushe kivulini kama tunavyofanya siku zote, uweke akiba ya kiangazi. Usizianike kwenye jua kali, linaharibu ubora wake.

Tena kazi hii si ya mama peke yake. Mimi ni baba. Nilikuwa naona bustani ni kazi ya wanawake. Lakini mtoto aliporudi na mboga ya jirani, sikumwona aibu mke wangu. Niliona aibu mimi. Baba achimbe mashimo na afunge mfereji wa paa. Watoto wabebe samadi. Mama asiachiwe yote.

TUSOME NA TUTENDE PAMOJA

Wazee watakumbuka mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana juu ya chakula bora. Hatuhitaji kusubiri kampeni nyingine. Majirani watano wakikubaliana, Jumatatu wanachimba kwa mmoja, Jumanne kwa mwingine. Mwisho wa juma nyumba tano zina matuta.

Yule bibi jirani yangu alikuwa hajui kusoma. Lakini alijua kuisoma mvua. Sisi tunajua kusoma herufi na tarakimu. Tukiunganisha elimu yake na yetu, watoto hawatakula ugali kwa maji ya chumvi tena.

Leo ukimaliza kusoma karatasi hii, usiiweke kwanza. Toka nje. Angalia maji hupita wapi uwanjani kwako. Halafu chukua jembe, uchimbe shimo la kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tuta la kuzama linafaa Dodoma kuliko tuta la kuinuka?

2. Pima paa la nyumba yako. Mvua ya milimita 10 itatoa lita ngapi? Ni madumu mangapi?

3. Mwandishi alikosea mambo gani mwaka ule? Je, wewe umewahi kukosea hivyo?

4. Katika kijiji chenu mboga hukosekana mwezi gani? Mnaweza kufanya nini kuanzia leo?

5. Nani katika nyumba yako atafanya kazi gani? Andikeni majina na kazi katika daftari.